Titi langu lililojengwa upya halikusikia moto, nami nikanyamaza

Wakuu, asalaam aleikum, na kwa msiotumia salamu hii, habari za siku nyingi.

Humu ndani mimi ni msomaji kuliko mwandishi. Nikiandika, mara nyingi huwa namsahihisha mtu, na wapo wenu wanaonijua kwa hilo. Leo wa kusahihishwa ni mimi. Haya yamenipata mwenyewe, sikuyatia chumvi, na pale nilipokosa nimesema nimekosa.

Ni habari ya mwili wa mwanamke. Mwanamume mwenye mke, mama au dada na asome. Anayetafuta cha kuchekea apite uzi mwingine.

Niliondolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Alhamdulillahi, mpaka leo maradhi hayajarudi.

Lakini mimi ni mwalimu wa sekondari, nasimama mbele ya watu siku nzima, na kitambaa nilichokuwa nikikikunja na kukitia ndani ya sidiria kilikuwa na tabia ya kuhama. Siku moja niliinua mkono kuandika ubaoni, kikashuka mpaka kiunoni. Darasa zima lilinyamaza. Wangalicheka ingalikuwa afadhali.

Miaka miwili baadaye daktari alinieleza kwamba titi linaweza kujengwa upya kwa nyama ya tumbo langu mwenyewe. Nilisita sana. Nilijiuliza kama si ubatili, mwanamke wa miaka arubaini na saba kutaka titi. Nikamuuliza mwanachuoni ninayemwamini, akanijibu kwamba kurudisha kilichoondolewa na maradhi si kubadilisha umbile. Moyo ukatulia kwa hilo.

Kwa hofu ya kisu haukutulia.

Kwa wasiojua: hukatwa nyama ya tumbo, kutoka nyonga hadi nyonga, pamoja na mishipa yake ya damu, ikaunganishwa kifuani. Siku za mwanzo hakuna anayejua kama itashika. Kila saa sista huja, hugusa kwa nyuma ya vidole kuona kama pana joto, hubonyeza, kisha hutazama rangi inavyorudi. Rangi ikirudi, damu inapita. Pakigeuka peusi, mnarudi chumba cha upasuaji.

Kila nikisikia viatu vya sista mlangoni nilifumba macho na kuanza kuomba.

Kitanda cha pili alilala Mama Mutheu, karani wa bandarini, Mkamba, mkaazi wa Buxton. Yeye alitangulia kufanyiwa upasuaji ule ule kwa siku mbili. Alikuwa akitembea ameinama kama anayetafuta sindano sakafuni, na bado anafanya mzaha.

"Mwalimu, usinichekeshe," aliniambia, ilhali mimi sikuwa nimesema neno. "Mishono yangu haijui mzaha."

Wodini pia alikuja Bi Mwanaisha wa Likoni, aliyejengwa titi miaka mitatu kabla yetu. Huwatembelea wagonjwa wa upasuaji huu kwa hiari yake, kisha huwatia katika grupu lake la WhatsApp. Tulikuwa sita.

Siku ya kuruhusiwa daktari alisema, nami nikaandika kwenye daftari: titi hili halina hisia kwa kuwa mishipa ya hisia imekatwa, basi liepushwe na joto, litaungua na hutajua.

Nilielewa jua, jiko na pasi. Yashikeni hayo, ndipo mtakapofahamu kosa langu.

Nyumbani kwetu ni Mji wa Kale, ghorofa ya pili, ngazi za mbao zilizosimama wima. Sikuweza kushuka. Dunia yangu ikawa kitanda, dirisha na simu.

Kwenye simu, grupu. Wenzangu walikuwa wakitumiana picha za vidonda vyao, wakiulizana: hii rangi ni sawa? huu uvimbe ni wa kawaida? Mimi nilichukizwa. Niliandika ujumbe mrefu, wenye aya tatu, juu ya haya, na stara, na hatari ya kuweka mwili wa mwanamke katika simu ambayo kesho itaokotwa na mtu.

Hakuna aliyejibu mpaka jioni. Mama Mutheu akaandika: "Sawa Mwalimu. Lakini haya matiti ya kujengwa hayana hata chuchu. Dhambi iko wapi hapo?"

Wakacheka wote kwa vile vikaragosi vyao. Nikafunga sauti ya grupu, nikaacha kusoma.

Wiki ya tatu mume wangu alirudi kazini Lamu, naye khalati yangu, dada wa marehemu mamangu, akaja kukaa nami. Hapa kwetu mwanamke aliyepasuliwa tumbo hutazamwa kama mzazi. Hufungwa tumbo kwa leso, hupikiwa uji wa pilipili manga, hukandwa kwa maji ya moto ili baridi isimwingie mwilini. Khalati amewakanda wanawake wa ukoo wetu wote. Alinikanda mimi nilipojifungua wanangu.

Alipoligusa titi jipya alishtuka.

"Mwanangu, ziwa hili li baridi kama la maiti. Hao madaktari wako walitaka nini?"

Ni kweli, lilikuwa baridi kidogo kuliko jingine, na hilo ni jambo la kawaida. Lakini neno "maiti" lilinikaa. Nilikuwa nimekwisha kulihofia peke yangu. Nikamwachia.

Akachemsha maji, akachovya taulo, akakamua, akaliweka kifuani. Asubuhi tatu mfululizo.

Mabegani nilisikia raha. Kwenye titi sikusikia kitu, na kule kutosikia nikakufanya ushahidi kwamba hapana madhara. Daftari lilikuwa kando ya mto. Wakuu, mimi niliyesoma vitabu vyangu vyote sikuona kwamba "joto" la daktari na maji ya khalati ni kitu kimoja. Katika akili yangu lile lilikuwa hatari, na haya yalikuwa mapenzi.

Siku ya nne, Ijumaa, nilikuta kanzu imelowa. Nikasimama mbele ya kioo. Malengelenge, moja limepasuka, na pembeni yake doa jeusi kiasi cha tende.

Nilikaa kitandani. Maneno ya wodini yalirudi: pakigeuka peusi.

Hapa ndipo aibu yangu ilipo. Nilitakiwa kupiga simu hospitali saa ile ile. Sikupiga. Nilihesabu kwamba kliniki ya daktari wangu ni Jumatatu, nitavumilia. Sikutaka daktari wa zamu, kijana nisiyemjua, anifunue. Sikutaka khalati ajue. Nikafunika kwa pamba, nikamwambia khalati leo nimechoka, tusikande.

Kufikia adhuhuri hofu ilinishinda. Nikafungua grupu na kuandika: "Kuna jamaa yangu aliyejengwa titi, amepata malengelenge na weusi kidogo. Anauliza kama anaweza kungoja hadi Jumatatu."

Ndiyo, mwenye aya tatu juu ya murua alitunga uongo.

Bi Mwanaisha alituma sauti, nyuma yake kelele za Feri, wachuuzi na honi: "Mimi naingia feri sasa, sikilizeni. Huyo jamaa asingoje Jumatatu. Asingoje hata kesho. Kama ni kuungua, ngozi ikifunguka uchafu huingia, na uchafu ukiingia titi lote huenda. Mwambieni."

Mama Mutheu akaniandikia kando ya grupu.

"Huyo jamaa yako ako na haya sana?"

Simu ikatikisika tena.

"Anakaa Mji wa Kale, juu ya ngazi mingi?"

Nikaiweka simu mapajani, ikatikisika mara ya tatu.

"Usitume picha. Nakuja mwenyewe."

Alifika kabla ya alasiri. Nilimsikia akipanda, akipumzika kila hatua chache, kwani naye alikuwa bado anashika tumbo lake. Aliingia akamkuta khalati chumbani na beseni lake linafuka moshi, ameamua kwamba uchovu wangu ndio hasa unaotaka kukandwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo ukae. Wewe ndiye mwenzake wa hospitali? Mbona umepinda hivyo? Nawe wataka kukandwa."

"Mimi nikikandwa nitaiva, mama. Mimi na huyu tumepasuliwa na kisu kimoja."

Kisha akanigeukia. "Fungua."

Nilifungua. Mama Mutheu aliinama kulitazama doa kwa karibu, mzaha wote umemtoka, na hilo lilinitisha kuliko kioo. Khalati naye akaona.

"Hii ni nini?" khalati aliuliza. "Ni ile baridi inatoka?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ningaliweza.

Mama Mutheu akanitangulia. "Mwalimu, fumba macho. Mama, mguse hapa, mahali pazima."

Nilifumba. Nikangoja. Nilisikia mtu barabarani akiuza kashata, nikasikia maji ya beseni yakitikisika.

"Haya," nikasema, "aanze basi."

Nilipofumbua macho, kiganja cha khalati kilikuwa kimekaa juu ya titi langu, kimelikandamiza, naye machozi yanamshuka.

"Nimekushika kitambo, mwanangu," alisema. "Kitambo."

Akauondoa mkono kama aliyeshika chungu kilicho bado motoni.

"Nimekuchoma?"

Nikasema, "Ndiyo, khalati." Sikumwambia kwamba nilionywa. Alichukua buibui lake, akashuka.

Tukaenda hospitali, mimi na Mama Mutheu, tukishuka ngazi upande upande, kila mmoja amemshika mwenzake mkono na tumbo lake mwenyewe. Daktari wa zamu alikuwa kijana kweli. Aliomba ruhusa kabla ya kunigusa, akamwita sista awepo, akafanya kazi yake kwa adabu kuliko nilivyomdhania. Akabonyeza nje ya doa, rangi ikarudi polepole. Akampigia simu daktari aliyenipasua. Ngozi iliyokufa ikakatwa, nikapewa dawa, nikaambiwa siku kumi zitaonyesha kama kilichobaki kitaishi au kitaondolewa chote.

Siku kumi. Anayejua kungoja majibu ataelewa. Nilikuwa nikisali huku mawazo yako chini ya bandeji.

Sista wa kituo cha karibu alinibadilishia bandeji kila siku ya pili. Siku zote, saa tatu asubuhi, mmoja wa wale wenzangu watano wa grupu alipanda ngazi zangu. Hawakuniomba picha hata mara moja. Walinikalisha dirishani penye mwanga, wakatazama kingo za bandeji, wakagusa ngozi nzima, wakabonyeza, wakahesabu. "Moja, mbili, imerudi." Bi Mwanaisha alivuka kutoka Likoni mara tatu. Haya yangu hawakuivunja, waliizunguka.

Siku ya sita rangi ilichelewa. Mama Mutheu alihesabu mpaka nne.

"Mbona umesita?" nikamuuliza.

"Nimesahau hesabu. Mimi ni karani, nahesabu makontena, sio hizi."

Alikuwa anaongopa, nami nilijua, na sikumsahihisha.

Siku ya kumi daktari alitazama, akasema litaishi. Limebaki na shimo dogo pembeni, na kovu. Alisema jambo jingine: kama ningalifika Jumatatu, pengine mazungumzo yetu yangalikuwa mengine.

Kesho yake nilishuka ngazi peke yangu kwa mara ya kwanza, nikaenda kwa khalati, ambaye hakuwa amerudi kwangu tangu ile Ijumaa. Alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Mikono hii ilimkanda mamako," alisema. "Haikuwahi kumchoma mtu."

"Wewe hukujua, khalati. Mimi niliambiwa, nikaandika, nikanyamaza. Mwenye kosa ni mimi."

Alichambua mchele kidogo. Kisha akasukuma nusu ya sinia upande wangu, nikaanza kuchambua nami.

Wakuu, ninayowausia ni haya.

Kama nyumbani kwenu yuko mwanamke aliyejengwa titi, msimkande, msimwekee chupa ya maji ya moto, wala barafu, hata akiomba, mpaka daktari wake aseme. Wazee wetu wanajua mengi juu ya mzazi. Upasuaji huu hawakuwahi kuuona, na ni wajibu wetu tuliosoma kuwaeleza, si kuwaachia wakosee kwa niaba yetu.

Na wewe mwenye kujihesabu mtu wa heshima: haya ni fadhila mpaka pale inapokuzuia kutibiwa. Kuanzia hapo ni kiburi, tena cha kuogofya, kwa sababu mwenye nacho huonekana mwema.

Katika grupu sijatuma picha, na sitatuma. Kauli ya ujumbe wangu wa aya tatu nimeifuta mbele yao. Mama Mutheu alijibu kwamba hakuusoma, ulikuwa mrefu.

Sasa nawauliza, na naomba anijibu aliyepitia au aliye na mtu wake aliyepitia. Miezi saba imepita. Kila asubuhi hufumba macho na kujigusa, na bado sisikii kitu. Kwenu hisia ilirudi baada ya muda gani? Na kama haikurudi, niambieni haikurudi. Nitasoma kila jibu.