Jua la Farofa Ndani ya Kabati

Nitakalowasimulia hamtaliamini, na wala sitanuna, kwa sababu hata majirani wa hapa Lages waliolishuhudia kwa macho yao bado wanabisha. Ni habari ya Dona Zulmira, mama aliyeliweka jua ndani ya kabati la nguo.

Dona Zulmira si mzaliwa wa huku milimani. Katoka Corumbá, ambako joto huanza kabla ya kifungua kinywa na chai ya majani iitwayo mate hunywewa kwa barafu. Alipofiwa na mumewe, mwanawe Ademir, anayepasua mbao kiwandani, alimwita aje wakae pamoja. Akaja na cherehani, masufuria mawili matatu, na kobe aitwaye Farofa, kamweka kwenye beseni, kampakata njia nzima ndani ya basi. Abiria walipocheka aliwajibu, "Huyu si mnyama. Huyu ni kifua cha mwanangu."

Maana Ademir alipokuwa mchanga kifua kilimbana mpaka midomo ikawa ya zambarau. Huko Corumbá kila mtu anaijua dawa yake: unamweka kobe chini ya kitanda cha mtoto, ugonjwa unateremka taratibu, unaingia kwenye gamba na kukaa humo. Ademir akapona. Lakini ugonjwa hukaa humo maadamu kobe yu hai, ndivyo alivyojisemea mama yake miaka yote. Akifa Farofa, utarudi ulikotoka.

Basi, ikaanguka sakitu ya kwanza, ule umande ulioganda kuwa barafu. Bustani ikawa nyeupe kama imemwagiwa unga, na Farofa hakuja kudai papai lake. Walimkuta nyuma ya jiko la kuni, kajikunyata, kimya kama jiwe.

"Kalala huyo, mama," Ademir akasema huku akifunga kamba za viatu. "Kobe hulala baridi yote. Nimeona kwenye simu."

"Kwenye simu! Na hiyo simu imewahi kufuga kobe?"

"Mwache tu, ataamka baridi ikiisha." Kisha akakohoa.

Kikohozi kidogo tu, cha mtu anayemeza vumbi la mbao kutwa. Lakini Dona Zulmira kilimchoma kama mwiba. Ademir alipoondoka, mama alikosa raha. Alikaa kwenye cherehani, akainuka. Akafagia palipokwisha kufagiwa. Akamgusa kobe mguu. Mguu haukurudi ndani. Hapo akamviringisha Farofa kwenye shali lake na kumkimbiza kwa daktari wa wanyama, dada mmoja aitwaye Rosvita.

Aliposikia kwamba eti kobe kalala, daktari akamgeuza, akamsikiliza, akakunja uso. "Nani kakwambia amelala?"

"Mwanangu."

"Kobe wanaolala msimu wa baridi ni wa aina nyingine. Huyu mwenye madoa mekundu miguuni ni wa nchi za joto. Hajalala, Dona Zulmira. Anazimika. Mpe joto leo hii. Upande mmoja uwe wa moto, mwingine wa uvuguvugu, achague mwenyewe. Mchana apate taa yenye miale kama ya jua, gamba lisije likalainika. Usiku giza, lakini joto lisikatike."

Alipofika nyumbani akakumbuka taa aliyolelea vifaranga kule Corumbá, aliyokuja nayo ndani ya sufuria. Akaichomeka. Ikawaka kwa mwanga ambao haijawahi kuutoa tangu inunuliwe, kisha paa! Balbu ikapasuka, fyuzi ikakatika, na jiko la umeme likazimika na maharagwe yake juu. Alikuwa amesahau kwamba umeme wa kwao ni volti mia na ishirini na saba, na wa huku ni mia mbili na ishirini. Ndivyo tunavyowatambua wahamiaji hapa: kwa harufu ya waya ulioungua.

Hapo ndipo alipotokea jirani mmoja, mwanamume hodari, umbo la kupendeza, fundi asiyefundishwa na mtu, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa ni mnyenyekevu mno.

"Nimesikia mlio, Dona Zulmira. Umempiga nani risasi?"

"Ingia, jirani, na utani uache mlangoni. Kobe wangu anakufa!"

Jirani akaenda dukani mbio, akarudi na fyuzi mpya na balbu mbili za volti za huku: moja ya jua, na nyingine ya udongo wa kuchomwa, inayotoa joto bila mwanga. Wakatoa nguo zote kwenye kabati la Ademir, wakalilaza chali, wakang'oa milango, wakatandaza udongo na majani makavu. Upande wa pili wakaegemeza kigae cha paa, Farofa apate kivuli. Jirani akaining'iniza taa kwa kamba ya kuanikia nguo.

"Kamba hiyo? Ikiungua imwangukie?"

"Kamba hii imebeba suruali za marehemu mjomba wangu, na zile zilikuwa mizigo."

"Toa! Funga mnyororo."

Akafunga mnyororo. Iko chini mno, akasema mama, jirani akaipandisha. Iko juu mno, akaiteremsha. Kipimajoto walichokiweka humo kilitulia, mama hakutulia. Aliweka kiganja chini ya taa, akaenda dirishani kumtazamia Ademir, akarudi, akaweka kiganja tena.

"Jirani, umeme ukikatika?"

"Utachochea kuni."

"Kuni zikiisha?"

"Utanichoma mimi."

"Wewe? Utatoa moshi tu."

Jioni Ademir akaingia akikohoa. Akakuta nguo zake zimerundikwa mezani na kobe amelala kabatini mwake. "Mama! Sasa mashati yangu nitaweka wapi?"

"Yavae yote, upate joto. Kaa hapa."

"Mama, ni vumbi tu hili."

"Nimesema kaa."

Wakakaa, watatu wameliinamia kabati. Mara ule mguu ukajivuta ndani. Na nawaapia, Farofa akafumbua macho, akasimama kwa miguu miwili, akaruka nje ya kabati kama swala, akamaliza papai zima pamoja na sahani, na palepale kikohozi kikamtoka Ademir, akaanza kuimba kwa sauti ambayo hata kanisani haija—

"Nereu! Ndiyo mambo unayoandika mezani kwangu hayo, jirani? Miguu miwili? Alitoa shingo, akang'ata kipande cha papai, basi! Na Ademir alikohoa mpaka alipokubali kuvaa barakoa kazini. Kobe mzima, kifua kimebaki humohumo gambani, inatosha. Futa!"

"Nafuta, Dona Zulmira, nafuta. Kipande kimoja. Ila kilikuwa kikubwa kama gurudumu la—"

"Nereu!"