Daftari la Sikukuu ya Mbalamwezi

Mtu akikwambia sikukuu yetu ya mbalamwezi hapa Kibirizi ilianzishwa na kamati, mwambie Zuhra binti Dadi kasema wewe mwongo. Ilianzishwa na Goreth, Mrundi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya watu watatu. Kamati! Kamati ilikuja baadaye kukalia viti.

Goreth alivuka ziwa mwaka sabini na mbili, mumewe keshauawa, mtoto wake Irambona mgongoni. Nilimkuta mwaloni, kule mitumbwi inakoshushia samaki, akianika dagaa wa watu. Ukimpa pole, anakuuliza umekuja kuanika au kuongea. Tukapatana siku hiyohiyo.

Sasa, mwezi ukiwa mpevu mitumbwi haitoki, maana dagaa hawafuati karabai kama mbingu yote inang'aa. Wanaume wanashinda mwaloni wakishona nyavu na kugombana. Kiangazi cha mwaka sabini na tatu Goreth alichoshwa na kelele zao. Akageuza karai, akalipiga, akacheza ngoma ya kwao mchana kweupe. Watu wakajaa. Mzee Hamdani, Mmanyema wa Ujiji ambaye babu zake walitoka Kongo, akasema hata sisi tuna ya kwetu, akaenda kuileta. Waha, wenyeji wenyewe, nao wakakataa kushindwa. Mwaka uliofuata yakaongezwa mashindano ya kupiga kasia, na tangu hapo kila mwezi wa nane Kibirizi ilikuwa haikaliki.

Ugomvi ulikuwa mmoja tu: nani atangulie kucheza. Mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri, basi nikapewa daftari. Kila mchezaji nilimwandika jina na kwao, ili kila kundi liitwe kwa zamu. Na walivyokuwa wanajidai! Goreth alikuwa akinisimamia begani.

"Mama Ashraf, andika vizuri. Rumonge. Usinikosee kwetu Burundi."

Mwaka tisini na saba, wakimbizi wapya wamejaa makambini, ikatoka amri kwamba Mrundi yeyote anayeishi nje ya kambi apelekwe huko. Zikiwa zimebaki siku tatu kufika sikukuu, askari wakamkamata Goreth mwaloni, mikono bado ina magamba.

Mkubwa wao akauliza, "Nani ana ushahidi kwamba huyu ni mtu wa hapa?"

Nilikimbia nyumbani, wallahi, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. Ushahidi ninao! Miaka ishirini na nne, kila mwaka jina lake! Nikarudi natweta, nikamfunulia daftari usoni.

"Soma mwenyewe! Huyu kafika hapa wewe hujaota hata meno."

Akasoma. "Goreth Niyokwizera. Kwao Rumonge." Akageuza kurasa. "Rumonge. Rumonge. Rumonge. Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu," nikasema kifua mbele, mjinga mimi.

"Ahsante, mama. Umeturahisishia kazi."

Nikalivuta daftari, akalishika. Nikapiga kelele kwamba hata Mzee Hamdani nimemwandika wa Kongo, mbona yeye hawamkamati? Hamdani akanikanyaga mguu. Nilitamani ardhi inimeze.

Wakampandisha Goreth kwenye lori. Hakulia. Akaniagiza nimgeuzie dagaa wake, jua lilikuwa kali. Nikamwahidi, huku nalia mimi.

Lakini lori halikuondoka. Askari wawili waliingia mtaani na daftari langu, wakiuliza kila jina la Mrundi nyumba hadi nyumba. Wakarudi na Habonimana, fundi wa mitumbwi. Kisha Bucumi na mkewe. Kisha bibi Carmen, ambaye alicheza mara moja tu, tena kwa kulazimishwa na mimi. Kila mmoja ameshika kifurushi, na hakuna aliyenitazama. Ningefanya nini? Nilizunguka lile lori kama kuku aliyenyang'anywa vifaranga, namshika huyu mkono, namwomba radhi yule.

Goreth aliwasogezea nafasi mmoja mmoja. Halafu nikaona uso wake unabadilika. Akainama juu ya bodi ya lori, na ile sauti yake yote imekwisha.

"Mama Ashraf. Irambona je? Ulimwandika?"

Nilikuwa nimemwandika. Kila mwaka tangu alipojua kucheza, na mwaka jana nikaongeza na Mwandiga, kijiji alikoolewa, ili aitwe kwa heshima yake. Yule mkubwa alikwishakaa mbele na daftari mapajani, anamwelekeza dereva barabara ya Mwandiga.