Betri ya Kwenda Ukweni

Kwa miaka miwili sikuwa na uhuru wa kuegesha gari nilipotaka. Mteremko ndio ulioniamulia. Vani yangu ni kuukuu, na betri yake ilikuwa imechoka kuliko gari lenyewe. Kila asubuhi pale Natta, kabla ya kupeleka mboga kwenye kambi za watalii, nililiachia lishuke kilima cha nyumbani, nikaingiza gia ya pili, likashtuka na kuwaka. Mke wangu alisema sina gari, nina kilima. Nilimjibu kuwa kilima hakiishi chaji. Mimi ni mbishi, nakiri, na mbishi hanyamazi mpaka aumbuke.

Niliumbukia ukweni, Susuni. Uwanja wa kule uko sawa kama meza. Nilipotaka kuondoka, gari likalia tik, likanyamaza. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akashika usukani, mimi nikaenda nyuma kusukuma. Wanawake waliokuwa wakipukuchua mahindi wakaacha kazi wakaja kusaidia. Nilipogeuza shingo, bega kwa bega na mimi, kitenge amekikaza kiunoni, alikuwa mama mkwe.

Nilitamani ardhi ipasuke. Kwetu Wakurya, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hatupeani mikono, hatuketi pamoja, na kwa miaka saba shikamoo yangu ilikuwa ikivuka uwanja mzima kumfikia. Leo tunahema pamoja nyuma ya gari bovu! Lilipowaka niliondoka bila hata kuaga vizuri.

Basi mke wangu alipojifungua binti, nasi tukampa mtoto jina la bibi yake, niliapa. Ningemfuata mama mkwe mwenyewe, nimlete Natta amwone mjukuu, na safari hii asingeligusa gari langu ila kwa kulikalia.

Nikaenda Tarime mjini. Muuzaji wa betri ni dada wa Singida aliyekuja huku kufuata dhahabu Nyakunguru, akagundua kuwa betri hazihitaji kuchimbwa. Nilizinyanyua zake moja baada ya nyingine, nikazipima uzito, nikarudi nyuma hatua mbili kuzitazama umbo. Nikachagua kubwa kuliko zote.

"Kaka, hiyo ni ya lori," akasema. "Ya zamani umekuja nayo? Chanya yake iko upande gani?"

"Nipe hiyo hiyo. Hii ina nguvu."

"Hapa huchagui ng'ombe wa mahari, kaka."

Wateja walicheka, nami nikacheka, lakini sikumsikiliza. Nililibeba lile fahali hadi kwenye gari. Kisanduku cha betri, chini ya kiti cha mbele, kikalikataa. Nikaligeuza upande mwingine, kikalikataa vilevile, na waya wa chanya ukabaki mfupi. Nikarudi dukani jasho likinitoka, safari hii nimekumbatia na ile ya zamani.

Hakunicheka sana. Aliipima ya zamani kwa kamba, urefu na upana, akatazama chanya iko wapi, akashusha betri mbili zinazolingana nayo. Moja ilikuwa inang'aa. Akanionyesha tarehe iliyogongwa ubavuni. "Hii imekaa rafuni mwaka na zaidi, inazeeka hapo hapo. Chukua hii nyingine, imetoka kiwandani juzi juzi tu." Ilikuwa ndogo, ina vumbi, haina mvuto wowote. Akaifunga mwenyewe. Nikazungusha ufunguo, na gari likawaka kabla sijamaliza kuzungusha. Nilipiga kelele kama aliyeshinda ng'ombe mnadani.

Jumamosi nikaegesha katikati ya ule uwanja wa Susuni, makusudi, nikazima. Mama mkwe akatoka na kapu la ndizi na kuku wa mjukuu. Nikamwamkia kwa mbali, nikapanda, nikawasha. Mara moja tu! Nikasubiri mlango wa nyuma ufungwe, wapi. Nikatazama kwenye kioo. Kapu lilikuwa chini, na yeye yuko nyuma ya gari, kitenge amekikaza kiunoni, viganja viwili mlangoni.

Nikashuka mbio. "Mama, limewaka!"

"Nimesikia ngurumo," akasema, "nikadhani ni pikipiki ya jirani."

Uwanja wote ukaangua kicheko. Yeye alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akainamisha uso kama ilivyo desturi, akasema polepole, "Basi sitasukuma tena. Siku ile nilifurahi, baba. Ndiyo siku pekee niliyokaa karibu na mkwe wangu, na hakuna aliyesema neno."

Miezi yote ile mimi nilibeba aibu, kumbe mwenzangu alibeba furaha.

Nikazima gari. Nikamwita shemeji ashike usukani, nikamwambia atoe gia na asiguse ufunguo. Nikaenda nyuma, nikasimama bega kwa bega na mama mkwe, nikaweka viganja vyangu kando ya vyake.

"Tusukume, mama," nikasema. "Limegoma tena."