Mdudu wa Maji Maangavu

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya Kasese, mapema miaka ya sitini, Msimamizi wa Maabara alinikabidhi darubini, kopo la choo na onyo moja: "Choo kikipoa, mdudu hulala. Mwangalie kingali cha moto!" Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alinifundisha kuchanganya choo na tone la maji ya chumvi juu ya slaidi, yaani kipande chembamba cha kioo, na kutambua amiba na mayai ya safura. Kisha nikahamishiwa Bwera, chini ya Daktari wa zahanati, mtu mrefu mwenye haraka.

Huko alikuja Mama Kavira, mkimbizi kutoka upande wa Beni, Kongo, amembeba bintiye Kavira. Mbavu za mtoto zilihesabika. Alikuwa akiharisha kwa majuma, choo cha mafuta chenye uvundo. Dawa ya minyoo ilishindwa, na sampuli zilizoletwa kutoka nyumbani hazikutuonyesha kitu.

"Muganga, mutoto iko nakwisha," alisema. "Jirani banasema amelogwa."

Nyumbani kwao kulikuwa mbali! Sampuli zote zilifika baridi. Nikamwomba angoje papo hapo. Kavira alipojisaidia, nilikimbia na kopo.

Loo! Chini ya kioo cha darubini kulikuwa na vimelea vyenye umbo la parachichi lililopasuliwa, viini viwili kama macho, vikipiga mijeledi, ile mikia myembamba ya kuogelea, na kuyumba kama jani linaloanguka.

"Daktari! Njoo uone!"

Akainama, kisha akapiga meza. "Jiadia! Anatukodolea macho, mshenzi huyu!"

Akampa Kavira mepakrini, vidonge vya njano, akamgeukia mama. "Mnakunywa maji gani?"

"Ya kijito, docteur. Iko safi, tunaona mpaka mawe ya chini."

"Jiadia akitoka tumboni hujifunga ganda, akaishi katika maji hayo hayo maangavu. Chemsha, mama. Yachemke kabisa!"

Waliporudi baada ya majuma mawili, Kavira alikuwa anatembea mwenyewe, ngozi ya njano kwa dawa, akilia njaa. Mama alicheka huku machozi yanamtoka. Majirani zake nao walikuwa wameanza kuchemsha maji.

Baadaye nilipita vituo vingi na wakubwa wengi, mpaka nikastaafu. Ninyi vijana mnaoingia maabara, harufu itawachosha, na siku nyingi hamtaona kitu. Lakini ipo siku kitu kitatikisika chini ya kioo, nanyi mtajua, kabla ya mtu mwingine yeyote, kwamba mtoto yule anayelia nje atapona.