Ng'ombe wa Mzee Bartolomayo

Kwa miaka miwili wanafunzi walikuwa wananiambia kwamba Mzee Bartolomayo wa chumba cha nyaraka amewaelekeza kantini, na kwa miaka miwili niliamini anawahurumia kwa sababu wanakuja na njaa. Kazi yangu katika maktaba ya chuo, hapa Dodoma, ni kuwasaidia wanafunzi kwenye utafiti. Anakuja binti kama Priska wa mwaka wa tatu, anatafuta barua za vibarua wa shamba la karanga la Kongwa. Namtuma kwa mzee, mzee anamtuma kwa Stara anayepika chapati. Nikasema moyoni, ndiyo uzee umeanza.

Ukweli ulijulikana Jumatatu, wiki ambayo mzee alikuwa anastaafu. Mkurugenzi wetu, Dokta Denis, ambaye hata salamu huitoa akiwa anatembea, alifungua chumba cha nyaraka na fomu ya makabidhiano mkononi. Fomu ilisema maboksi arobaini na mawili. Kwenye rafu yalikuwepo kumi na moja.

"Mzee, mengine yako wapi?"

"Yapo."

"Yapo wapi?"

"Kwa watu," akajibu mzee, kwa utulivu wa mtu aliyeulizwa habari za wajukuu.

Akaeleza. Paa lilipovuja juu ya rafu ya pili na mchwa wakaingia kwenye ya tatu, aliandika barua tatu kuomba matengenezo. Hakujibiwa hata moja. Basi akafanya kama marehemu baba yake alivyofanya kijijini kwao, huko Kongwa, na kama Wagogo wengi wenye mifugo wanavyofanya. Ng'ombe wako huwalazi wote zizi moja. Huyu rafiki unampa watatu, yule shemeji unampa wawili, wanawatunza, wanakunywa maziwa. Siku ugonjwa ukiingia kwako, bado una ng'ombe.

"Lakini haya ni maboksi, mzee!"

"Ndiyo. Ndiyo maana hayakunisumbua malisho."

Dokta Denis hakucheka. Jumamosi kulikuwa na mhadhara wa wazi, mzee mwenyewe ndiye mzungumzaji, na baada ya hapo wageni wangetembezwa chumbani. "Saa nne asubuhi yawe arobaini na mawili," alisema. "La sivyo sisaini, na nitaandika kwamba nyaraka zimeibwa."

Alipotoka, mzee akaanza kutafuta kofia yake mezani. Ilikuwa kichwani.

"Mwizi," akasema. "Miaka ishirini na tisa sijatoka hapa hata na kipande cha penseli. Nirudi nyumbani na jina hilo, mwanangu?"

Tukachukua toroli la vitabu, lile ambalo gurudumu lake moja hulia kama mtoto. Nikamwomba orodha.

"Orodha ya nini? Wewe ndugu zako umewaorodhesha?"

Aliyajua yote kwa sura. Lile jekundu lenye baka la chai lilikuwa kwa Munir wa fotokopi, pamoja na matano mengine. Lile la kijivu lenye madoadoa lilikuwa zahanati kwa nesi Penina, ambaye alilalamika sana tulipolichukua, maana ndilo alilokuwa akipandishia miguu inapomvimba. Tulizunguka chuo kizima, upepo wa Dodoma ukitutia vumbi mdomoni. Hadi Ijumaa alasiri tulikuwa na thelathini na matano. Saba yaliyobaki yalikuwa kantini.

"Shikamoo, mzee," alisema Stara, mikono ina unga hadi kwenye viwiko. "Umefuata ng'ombe wako?"

"Marahaba. Nimewafuata."

"Hawatoki."

"Stara!"

"Nani alinifundisha desturi? Si wewe? Ulisema, Stara, ukimtunzia mtu ng'ombe vizuri, siku anawachukua unapewa ndama. Nimefukuza panya miaka miwili. Wanafunzi wako wananikalia meza tangu asubuhi kwa kikombe kimoja cha chai, mimi kimya. Ndama wangu yuko wapi?"

Nikaingilia. "Dada Stara, mali ya chuo haigawiwi."

"Dada Emiliana, nyamaza. Chuo chako kimewahi kufukuza panya hapa?"

Mzee akakaa kwenye benchi. "Anadai haki yake," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nikimnyima, mimi mwongo. Nikimpa hata karatasi moja, mimi ndiye yule mwizi wa Dokta."

Nadhani Stara aliona uso wake, maana alifuta mikono, akaingia jikoni, akarudi na boksi la nane. Lilikuwa la biskuti, limefungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na karatasi za babu yake, Mohamedi, mfanyabiashara wa Kondoa: barua za wateja, daftari la safari zake, cheti cha ndoa.

"Kila siku wanasoma habari za babu za watu kwenye meza yangu," alisema. "Wangu hakuna aliyemuulizia. Huyu hapa. Alale zizini na wenzake, aandikwe jina. Huyo ndiye ndama wangu."

Mzee alilipokea kwa mikono miwili.

Jumamosi ukumbi ulijaa, hata wafanyabiashara wa mahindi kutoka Kibaigwa walikuwepo. Mhadhara ulipoisha, Dokta Denis aliongoza wageni hadi chumbani na kuanza kuhesabu mbele yao. Akafika mwisho. Akarudia kuanzia upande wa pili.

"Mzee, ni arobaini na matatu."

"Amezaa," alisema mzee.

Stara ndiye aliyecheka wa kwanza, halafu wote. Dokta Denis alisema fomu haina sehemu ya kuzaa. Lakini wageni walikuwa wanamtazama. Akakata ile mbili, akaandika tatu juu yake, akasaini.

Mzee alinikabidhi ufunguo, akatazama dari muda mrefu, akaenda zake Kongwa.

Mvua zilianza Desemba. Nimeshaandika barua mbili kuhusu paa, na ya tatu niliipeleka kwa mkono. Wiki iliyopita nilivuta toroli lenye maboksi hadi kwa Stara. Jana akaja kijana mmoja akiulizia barua za Kongwa, nikamwelekeza kantini. Alinitazama kwa huruma nyingi, akaniambia asante mama, ameshakula.