Usimkimbie Gorila

Jumapili ile nilikuwa nimechoka, jamani, uchovu ule wa kuingia mifupani. Wiki nzima nilikuwa nikiwaosha na kuwalisha wazee wa watu majumbani mwao, napanda basi, nashuka basi, barafu kila mahali, magoti yanalia. Nilitaka kochi langu hapa mtaani kwetu Rågsved, basi. Lakini binti yangu alikuwa anasafiri Jumatano kwenda Uganda kuwaona gorila wa milimani, kwa kuwa upande wetu wa mlima, Kongo, bado hakuendeki. Nami usingizi ulikuwa umenipaa kwa sababu moja: mtoto huyu hukimbia. Mbwa akibweka pale mtaa wa pili, Farsta, yeye tayari yuko ng'ambo ya barabara. Na gorila ukimkimbia, anakufuata.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa kuwatafuta gorila msituni na kuwapeleka wageni wakawatazame. Shamba letu lilipakana na msitu, na gorila wenyewe walikuwa wakitoka kuja kula migomba yetu, kwa hiyo sisi watoto alitufundishia uani. Alijifunika blanketi, akajipiga kifua, akatujia mbio. Aliyekimbia alirudi kuanza upya. Chuchumaa. Macho chini. Usipige kelele, usimnyooshee kidole. Kisha unguruma kooni polepole, mmm-mmh, kama mtu aliyeshiba, ajue kwamba umekuja kwa amani. Na mwenye mafua abaki nyumbani, maana kikohozi chetu kinawaua.

Basi nikajitwika blanketi, na umri huu wangu! Nikamsimamisha binti yangu sebuleni, nikamjia. Akacheka, akarukia kochi.

"Wewe! Unacheka nini? Dume mwenye mvi mgongoni atacheka nawe?"

"Mama, mwongozaji atakuwepo," akanijibu kwa Kiswidi. Ndivyo tunavyoishi: nampa Kiswahili, ananirudishia Kiswidi.

"Huyo mwongozaji atakushika miguu?"

Tukarudia, akakimbilia jikoni. Tukarudia tena, akaanza kuchuchumaa, kisha moyo ukamtoka akaruka kando. Hasira zikanipanda. Nikamwambia nimezaa mtoto mmoja tu, sina mwingine wa akiba, na kama hawezi kutulia asiende. Nikaketi nikihema, machozi yako karibu.

Akanitazama kidogo, akaokota blanketi.

"Basi nionyeshe wewe," akasema, safari hii kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

Nikasimama katikati ya sebule kwa maringo kabisa. Mimi tena, mtoto wa baba yangu! Yeye akaenda hadi mlangoni, akajipiga kifua, akaja. Sakafu ikatetemeka. Jirani wa chini akagonga dari lake kwa fagio, ko ko ko, na mimi sijui kilichotokea. Nilijikuta bafuni, mlango nimeufunga, moyo unataka kutoka. Mkono wangu mmoja ulikuwa umeenda nyuma, mgongoni, umeshikilia kitu.

Hakukuwa na kitu. Hapo mgongoni ndipo nilipomfunga binti yangu, akiwa bado mchanga, kwa kitenge siku ile wenye bunduki walipogonga milango kijijini kwetu, nikakimbia naye, na kukimbia kwenyewe ndiko kulikonifikisha huku kwenye barafu. Kutomkimbia gorila alinifundisha baba. Kuwakimbia binadamu nilijifunza mwenyewe.

"Mama?"

Nikashika kitasa, nikakiachia. Niliona aibu, na nilikuwa nimechoka, Mungu wangu, nimechoka na miaka yote hiyo ya kukimbia.

Nyayo zake zikasogea huko nje. Kisha nikasikia akijishusha sakafuni polepole, karibu kabisa na mlango, na sauti ikaanza. Mmm-mmh. Ya kooni, bila haraka. Mmm-mmh. Ile ile ya baba, ambaye yeye hakuwahi kumwona.

Nilimwacha aendelee kwa muda, nikiwa nimeegemea sinki. Moyo uliporudi mahali pake nikafungua. Alikuwa amechuchumaa na blanketi mgongoni, macho chini, ananguruma. Nikamwangukia shingoni na uzito wangu wote, na hakusogea hata kidogo.