Ukurasa wa Mfinyanzi

Jirani yetu pale Ruangwa alikuwa mkagua korosho wa ghalani, na mchezo alioubuni mwenyewe aliuendesha kama ghala. Kila Jumapili mchana, miaka ile ya tisini, tulikaa barazani kwake, kila mmoja na kazi yake ya mchezoni: mwindaji, mganga, mchuuzi. Yeye alitusimulia safari na hatari zake. Ukitaka kujaribu jambo, ulichota korosho guniani bila kutazama, ukaidumbukiza kwenye beseni la maji. Ikizama umefaulu, ikielea umeshindwa. Hata ikizama, hukupanda daraja mpaka aishike kwa vidole vyake vilivyobabuka kwa mafuta ya maganda na kuitikisa sikioni. Mara nyingi alisema taratibu, "Bado mbichi," nawe ukabaki ulipo.

Kazi ya mfinyanzi hakuna aliyeitaka, maana haikuwa na silaha. Siku moja Tunu, aliyeuza vitumbua mtaani kwetu, akaichukua. Simba wa mchezoni alikuwa amekwisha kula wawindaji watatu. Tunu akauliza, "Si amelala pangoni? Basi naziba mlango kwa udongo."

Tukacheka. Jirani hakucheka. Korosho ya Tunu ikazama kama jiwe. Akaitoa, akaitikisa sikioni. "Imekauka," akasema, kisha akafunua daftari lake la mchezo, lenye ukurasa wa kila kazi. Ukurasa wa mfinyanzi tulidhani mtupu. Kumbe ndio uliokuwa wa kwanza, umejaa madaraja juu mpaka chini, wino umeshapauka.

"Panda, dada yangu," akamwambia. "Miaka sita nakungoja, mfinyanzi."